Macho ya Apools

Noordoewer, ng'ambo ya mto
Jumanne, 12 Agosti 1997

Mdogo wangu Lenie,

Salamu zangu zikukute mzima, na ukimsomea Mama umwambie nusu ni zake. Anakula? Kile kidonda cha mgongoni kimekauka? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi kiuno kinaniuma kwa kukaa, na Apools kichwa kinamsumbua ingawa hasemi. Namjua kwa anavyokunja uso.

Mpaka wa Namibia tumeuvuka salama. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya duka unaijua, neno halijafika kwako wanunuzi wameshalisikia. Barua hii nampa Bwana Titus Goliath wa lori la samaki, anayetoka Lüderitz na kupita Steinkopf mara mbili kwa wiki. Jibu lako mwachie kituo cha mafuta, ataliokota akirudi. Mimi atanikuta Aus, kwenye njia yake.

Lenie, nilidhani safari hii ni starehe. Miaka thelathini na nne Apools, mume wangu huyu, ameendesha lori la mawe ya shaba pale Nababeep, na miaka yote hiyo ananiambia siku akistaafu atanitembeza: jangwa kwanza, kisha bahari, mwisho maua, na dereva ni yeye mwenyewe, hatupandi basi na watu. Sasa siku imefika, nami najiona kama niliyefungiwa ndani ya kabati lenye madirisha. Nje nchi haina mwisho. Ndani magoti yangu yamebanwa na jiko la gesi.

Hazungumzi. Redio hataki. Ameukamata usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi na anakwenda katikati ya barabara, mpaka wanaotukabili wanatupigia honi. Nilimwambia asogee kushoto, akanijibu, "Barabara ni pana, Mama Merwin." Tena ana jambo jipya: kila kibao lazima nimsomee. Yeye huyo aliyekuwa akinicheka kwa kusoma polepole. Nilimuuliza macho yake ameyaacha wapi, akasema sauti yangu inamwondolea usingizi. Basi nasoma, saa nzima nasoma, kama mtoto wa darasa la pili.

Nikitaka kurudi, narudije? Usukani siujui, basi hakuna, na kesho tunaingia njia ya changarawe ambayo siku nzima hutaona duka.

Vitanda vyetu tulivyokuachia visikuchoshe. Tukirudi tutavipanga, maana nyumba ya mgodi tumeshaikabidhi na hatuna kwingine ila hapo kwa Mama.

Dada yako,
Drieka


Steinkopf
Ijumaa, 15 Agosti 1997

Dada yangu Drieka,

Barua yako imefika ikinuka samaki, hata Mama akauliza leo tunapika nini. Nashukuru mmevuka salama. Hapa tunaendelea. Mama anakula uji, nyama hataki, kidonda kimefunga upande mmoja. Namgeuza kila baada ya saa tatu kama alivyoagiza nesi. Kabati lako la vioo limeziba mlango wa jikoni, natoka ubavu ubavu kama kaa, lakini silalamiki.

Kuhusu kufungiwa kwako, nimecheka peke yangu. Tangu Mama aanguke ni miaka kumi na sita, na mbali kabisa nilikofika ni Springbok, nikarudi kabla ya uji wa jioni. Kaa hapo hapo ulipo, dada. Tazama dirishani na kwa niaba yangu.

Ila Shemeji mzungumzishe. Mwambie kila unachokiona, cha mbele na cha pembeni, hasa cha pembeni: gari, mbuzi, kona, mtu na baiskeli. Mtu aliyezoea lori kubwa gari dogo humchanganya. Usimwache anyamaze, na wewe usinyamaze. Tena jua likianza kushuka msiwe barabarani. Niahidi hilo.

Mama anasema umletee kombe za baharini.

Mdogo wako,
Lenie


Aus
Jumanne, 19 Agosti 1997

Mdogo wangu Lenie,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na Mama vilevile. Mimi mzima, ila bega la kushoto limevilia damu kwa mkanda wa gari. Apools ana jeraha kwenye paji la uso, limeshonwa. Usimsomee Mama barua hii.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Aus twende Lüderitz tukaione bahari. Barabara ya lami, imenyooka kama uzi, jua mgongoni kwetu. Upande huo kuna farasi wasio na mwenyewe wanaoishi jangwani, na kila asubuhi wanakwenda kunywa maji kwenye birika. Niliwaona kwa mbali upande wa kulia, kama saba, wanakuja barabarani mmoja nyuma ya mwingine. Sikusema kitu. Nani asiyeona farasi saba kwenye uwanda usio na hata kichaka? Nilikuwa nimechoka kusoma vibao, nikasema moyoni leo napumzika.

Hakukanyaga breki, Lenie. Hata kidogo. Aliendelea vilevile kama barabara ni tupu, na yule jike wa mbele tukamvaa.

Gari lilipotulia nilimwona farasi ameinuka kwa miguu mitatu, anajaribu kuwafuata wenzake. Apools alishuka, akasimama hatua kumi kutoka kwa yule mnyama, uso ameuelekeza barabarani, akaniuliza, "Ni nini? Tumegonga nini?"

Akaja mzee mmoja anayeendesha greda, anaitwa Festus Shikongo, ndiye anayesawazisha njia za changarawe za huku. Alikuwa na redio ya upepo, akaita watu wanaowaangalia wale farasi, na mmoja wao akaja na bunduki akammaliza. Apools alikaa chini kando ya gurudumu. Mzee Shikongo alimwendea kwa ubavuni akamnyooshea chupa ya maji. Apools hakuipokea. Chupa ilibaki hewani karibu na sikio lake, muda mrefu, mpaka mzee akamgusa bega, naye akaruka kama aliyeumwa na nge.

Mzee akanivuta pembeni. "Mama, mumeo hakuniona," akasema. "Nimesimama naye hivi, hakuniona."

Nikamwambia ni mshtuko.

"Mjomba wangu alikuwa hivyohivyo. Anaona mbele tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Kutoka hapa nani anaendesha?"

Niliinama kuokota vioo vya taa, swali lake nikaliacha pale pale.

Tumepewa chumba nyuma ya gereji. Rejeta mpya inatoka Keetmanshoop, fundi anasema wiki, pengine mbili. Chumba kina dirisha moja nalo linatazama matairi. Apools anakaa kitandani ameelekea ukutani, nikimuuliza anasema jua lilimpiga machoni. Jua lilikuwa mgongoni. Nimemwambia hivyo mara moja, sikurudia.

Barua yako nimeipata Jumapili, siku moja baada ya farasi. Nimeisoma mara nyingi, kwa sababu hapa hakuna kingine cha kusoma. Lenie, kwa nini uliandika "hasa cha pembeni"?

Dada yako,
Drieka


Steinkopf
Ijumaa, 22 Agosti 1997

Dada Drieka,

Namshukuru Mungu kwamba mko hai. Bega ulikande kwa maji ya chumvi. Mama hajambo, sijamwambia.

Umeniuliza, nakujibu. Nilijua. Najua tangu mwezi wa tatu. Shemeji alipokuja kumtazama Mama alikuambia anakwenda Springbok kung'oa jino. Hakukuwa na jino. Kuna daktari wa macho anayefika pale mara moja kwa mwezi, na Shemeji aliniomba nimsindikize kwa sababu ngazi za ile kliniki zilikuwa zinamtisha. Ni presha ya macho. Pembeni pote pamekufa, kumebaki tundu katikati, na hilo tundu linazidi kuwa dogo. Dawa ya matone inalichelewesha tu. Daktari alimwambia mbele yangu asiguse usukani tena. Tukiwa ndani ya basi kurudi aliniapisha. Aliniambia, "Nimemwahidi Drieka safari, na nitamtembeza nikiwa naona. Nikirudi nitamwambia mwenyewe."

Nilimkatalia, akasema basi atakwenda hata nikisema. Nikafikiri: Dada atakuwa kando yake, atamwonyesha njia, mchana, polepole. Farasi sikuwafikiria. Mtu wa baiskeli nilimfikiria, ndiyo maana nilikuandikia, nikanyamaza mengine. Kama angekuwa mtu badala ya farasi, damu yake ingekuwa juu yangu pia. Hilo silikimbii.

Lakini na mimi niseme langu, kwa sababu sijui kama nitapata ujasiri tena. Umekasirika kwamba nilikuficha. Miaka kumi na sita umekaa Nababeep, mwendo wa saa moja, ukaja Pasaka na Krismasi na keki. Hujaniuliza hata siku moja ni nini ninachokiona mimi humu ndani. Ulipotoka na lile gari nilisimama uani nikasema, angalau mmoja wetu anakwenda mahali. Nilitaka mwende. Nilitaka kwa nguvu kiasi cha kufunga mdomo. Ndivyo ilivyokuwa.

Nijibu hata kama ni matusi.

Mdogo wako,
Lenie


Port Nolloth
Ijumaa, 5 Septemba 1997

Mdogo wangu Lenie,

Habari za siku nyingi. Natumaini wewe na Mama hamjambo, ingawa sina haki ya kuuliza, kwa kuwa barua yako nimekaa nayo karibu wiki mbili bila jibu. Bega limepona. Apools naye mzima wa mwili.

Barua yako nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno, pale chumbani Aus. Alisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema, "Nilitaka nione mara moja kabla mlango haujafungwa." Nikamuuliza, na mimi je, ndani ya gari lile nilikuwa nani? Mzigo? Siku nne hatukusemeshana, na chumba chenyewe hatua tano kwa sita. Nikitaka kumkimbia nilikwenda kukaa juu ya matairi.

Siku ya tano alikuja Mzee Shikongo. Akaniuliza kama bado sina jibu la nani ataendesha. Nikamwambia jibu ninalo, ila mguu wangu haujui klachi iko wapi. Akacheka. Akamwomba fundi pikapu yake kuukuu, akatupeleka kwenye uwanda aliokwisha kuusawazisha mwenyewe, mahali usipoweza kugonga kitu hata ukitaka. Mzee alikaa kando yangu, Apools nyuma. Injini ilinizimikia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili ikasikika sauti nyuma: "Sasa. Badilisha." Alikuwa anasikiliza injini. Gia anazijua kwa sikio, Lenie, kuliko mzee anavyozijua kwa macho. Nilitaka nimwambie anyamaze, lakini kila aliposema "sasa" gari lilitii, basi nikamwacha aseme. Siku tano nilijifunza hivyo, bado nikiwa na hasira naye, nikirudi na jasho mpaka ndani ya viatu.

Gari letu lilipopona nikaendesha mimi. Leseni sina, jambo hilo najua. Nilikwenda mwendo wa punda, siku mbili, malori yanatupita yakinilaani. Mpakani pasi zilinianguka mkononi, na afisa akafikiri ni uzee.

Juzi Jumatano nilipita Steinkopf. Unajua kwamba njia ya kushukia pwani inakata hapo hapo. Nililiona paa la kanisa, nikaiona nyumba. Apools akasikia mlio wa matairi umebadilika, akaniuliza si tumefika kwa Mama? Nikamwambia tumefika, na sikusimama. Bado nilikuwa nimekukasirikia. Hata sasa ninapoandika kuna kipande kimebaki, lakini kidogo.

Mteremko wa Anenous niliushuka kwa gia ya pili, ukungu umejaa mpaka sikuona boneti ya gari. Kule chini uwandani maua yalikuwa yamefumba kila mahali, maana bila jua hayafunguki. Nikasimamisha gari. Akaniuliza, "Yamefunguka?"

Ningeweza kumwambia yamefunguka, Lenie. Ingekuwa rahisi mno. Nikamwambia, "Yamefumba, Apools. Yote. Naona majani na ukungu basi."

Halafu akasema tungoje. Tukangoja ndani ya gari kwa saa nne, tukala mkate na samaki mkavu, vioo vimejaa mvuke wa pumzi zetu. Hayakufunguka. Tukaja kulala hapa bandarini. Jana tukarudi, tukangoja tena, na kama saa saba mchana ukungu ukapasuka kwa mkupuo mmoja.

Alitaka nimshushe. Akapiga magoti mchangani, akainama mpaka pua ikagusa, akaliona ua moja. Ua zima, la rangi ya chungwa, likaingia ndani ya tundu lake. Kisha la pili. Akaenda hivyo kwa magoti, moja baada ya moja, mtu mzima wa miaka sitini na sita, suruali imelowa, akiniambia hili lina pete nyeusi, hili halina. Mimi nilikuwa nimesimama na uwanda wote ule mbele yangu, mpaka kwenye milima, na sikuwa na wa kumwonyesha. Nikakukumbuka wewe.

Tunakuja Jumanne tarehe tisa. Ya kupita nyumbani bila kusimama nitakuomba radhi kwa mdomo. Na hiyo miaka kumi na sita, nitakuuliza ulichokiona. Uniambie chote, hata kama itatuchukua wiki.

Dada yako,
Drieka


Steinkopf
Jumapili, 7 Septemba 1997

Dada Drieka,

Karibuni nyumbani. Natumaini mmefika salama na mteremko haukuwasumbua. Kahawa iko kwenye birika, uipashe moto tu.

Barua hii utaikuta mezani, kwa sababu mimi sipo. Mama yuko na Mietjie Saal wa jirani mpaka mtakapoingia. Napanda basi la leo kwenda Cape Town kwa mwanao Merwin. Amenikaribisha miaka na miaka, mimi ndiye nilikuwa nasema mwakani.

Jumatano nilikuona. Nilikuwa uani, shuka za Mama mkononi, nikalisikia gari likienda polepole, nikajua ni ninyi. Nikaziacha shuka kwenye beseni nikatoka mpaka getini. Wewe ulikuwa umeshika usukani, Dada. Sikuamini. Uso ulikuwa mbele, hukugeuka. Nilingoja taa ya breki. Mlipopotea niliendelea kusimama mpaka Mama akaanza kuita.

Sikuchukia. Au nilichukia saa moja tu. Baada ya hapo nikafikiri kama Drieka anaweza kuendesha, anaweza na haya mengine. Nimefua kila kitu.

Uji ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mwepesi, chumvi kidogo, na umwinue kwanza la sivyo utampalia. Mgeuze kila saa tatu, aanze ubavu wa kulia. Dawa ya kidonda iko kwenye kopo la chai, si kwenye chupa. Iliyo kwenye chupa ni ya mbuzi. Akilia mchana hataki kitu, msemeshe. Akinyamaza sana, mwite nesi. Jumamosi anapenda kuoshwa nywele akiwa mlangoni kwenye jua.

Matone ya Shemeji nimeyaweka rafuni. Mawili kila jicho, asubuhi na jioni. Usimwachie mwenyewe, anamwaga shavuni.

Lini nitarudi sijui. Nina umri wa miaka hamsini na nne na sijui nini kilicho mbele ya Springbok.

Mdogo wako,
Lenie


Steinkopf
Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Mdogo wangu Lenie,

Salamu kutoka kwetu sote. Natumaini Cape Town imekupokea vizuri na baridi ya huko haijakuingia kifuani. Mama anakula. Kidonda kimefunga pande zote mbili, nesi amesema kazi ni yako, mimi nimekuta tu.

Barua yangu ya Port Nolloth ilifika hapa kesho yake baada ya wewe kuondoka, Mietjie akaiweka juu ya ile ya kwako. Ndivyo nilivyozikuta, yangu haijafunguliwa. Naitia humu. Ni ya tarehe tano, uisome kama ya tarehe tano.

Siku ya kwanza nilikulaani, nikiri. Nilisimama jikoni kati ya kabati langu na mlango, Mama analia huku, Apools anagonga viti kule, nikasema huyu mtoto amenifanyia nini. Wiki ya pili kabati nikawapa watu wa kanisa. Mlango unafunguka.

Mama ananiita Lenie. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Apools anamlisha uji wa jioni kwa kupapasa kidevu, na Mama anamtukana kila kijiko kikikosea, naye anamjibu, kwa hiyo nusu saa hiyo mimi napumzika. Tundu limezidi kuwa dogo. Maua aliyoyaona anayo, anamsimulia Mama moja moja, na Mama anamwambia ameshasimulia hilo.

Kijiji kizima kimejua kuna mwanamke mwenye gari. Huyu anataka kwenda kliniki, yule kuchukua unga. Naenda, nikirudi jicho langu liko kwenye saa. Juzi nilimshusha Mietjie kwa binti yake, nikabaki peke yangu garini. Nikafika njia panda ya barabara kuu nikasimama. Kulia mto na jangwa, kushoto Springbok na mpaka huko uliko wewe. Mafuta yalikuwa yamejaa. Nilikaa hapo injini ikiunguruma mpaka lori la nyuma yangu likapiga honi, nikageuza, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili.

Sasa najua ulichokiona, au nimeanza kujua.

Merwin ameniandikia kwamba umepata kazi kwenye duka la vitambaa, kwamba Jumapili unapanda treni mpaka mwisho wa reli na kurudi, bila shughuli yoyote, na kwamba unataka kuja Krismasi unipokee mzigo. Nimechoka, Lenie. Sikufichi, tumefichana vya kutosha.

Usirudi kwanza.

Dada yako,
Drieka